Ukuta wa mita 28, matofali 32

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Mufindi, nafundisha Hisabati na Sayansi darasa la tano na la sita. Mwaka huu tumepewa kompyuta nane zilizotumika na mtu aliyesoma hapa zamani. Umeme upo, ingawa unakatika. Intaneti ni ya simu yangu mwenyewe. Wanafunzi wangu wengi, hasa wavulana, wakitoka shule wanapitia kibanda cha gemu pale sokoni. Mmoja wao aliniuliza kama kompyuta zetu zina ile gemu ya kujenga kwa matofali. Nikasomasoma, nikaona nchi nyingine wanaitumia kufundishia Hisabati, Jiografia, hata Historia. Nilipomgusia mwalimu mkuu alicheka, akasema: "Mwalimu, mtihani hautauliza gemu." Naomba uniambie ukweli. Inafundisha kweli, au ni kuwaachia watoto wacheze kwa jina la somo? Na kama inafundisha, mimi mwenye darasa la watoto 60 nianzie wapi?

JIBU

Marahaba mwalimu, na kamwene. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sababu ya lile neno la mwalimu mkuu. Amesema kweli. Mtihani hautauliza gemu, na ukienda kubishana naye kwa maneno ya teknolojia na karne ya 21 atakushinda, maana matokeo yakibandikwa yeye ndiye anayeitwa kujieleza. Cha kumwonyesha ni madaftari. Nitayarudia.

Kwanza nikusimulie kilichonipata. Miaka kadhaa iliyopita, katika shule moja hapa Mbeya, niliwapa watoto wa darasa la sita kazi nyepesi: jengeni chumba chenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6, ukuta wa tofali moja tu kwenda juu, halafu mniambie mmetumia matofali mangapi. Katika gemu hizi za kujenga, kama Minecraft, kila tofali ni mchemraba wa mita moja kila upande. Kwa hiyo jibu nilikuwa nalo mfukoni: mzingo ni 8 jumlisha 6, mara mbili, mita 28, basi matofali 28. Nilikuwa nimeshaliandika hata kwenye andalio la somo.

Kundi la kwanza likaja na 24. La pili 32. La tatu 32. La nne 24. Hakuna aliyeleta 28. Nikadhani wameshindwa kuhesabu, nikainama kwenye kioo nikahesabu mwenyewe, kidole juu ya kila tofali kama mtoto wa darasa la kwanza. Ishirini na nne zilikuwa 24 kweli, na 32 zilikuwa 32 kweli. Nikarudi ubaoni, nikaitazama 28 yangu, nikakosa la kusema. Msichana mmoja wa kundi la pili akaniuliza, kwa adabu kabisa: "Mwalimu, hiyo 28 ni ya ukuta gani?"

Tatizo lilikuwa ukuta wenyewe. Waliopata 32 walifanya mita 8 kwa 6 ziwe nafasi ya ndani, kisha wakauzungushia ukuta kwa nje, na pembe nne zikadai matofali yake. Waliopata 24 walipima 8 kwa 6 kwa nje, ukuta ukala nafasi ya ndani. Hiyo 28 ni mzingo wa mstari, na mstari wa chaki hauna unene. Tofali linao. Basi wakaanza kubishana chumba cha kweli hupimwa ndani au nje. Mtoto mmoja ambaye baba yake ni fundi ujenzi akasema mafundi hupima katikati ya ukuta. Tukajaribu. Chumba cha kundi la pili, ukipima katikati ya unene wa ukuta, ni 9 kwa 7. Jumlisha, mara mbili: 32. Cha kundi la kwanza ni 7 kwa 5. Jumlisha, mara mbili: 24. Darasa likapiga kelele mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia dirishani.

Tulikula kipindi kizima na nusu ya kilichofuata kwa swali ambalo ubaoni ningelimaliza kwa dakika kumi, na ningelifundisha nusu yake tu bila kujua.

Jibu langu kwako limelalia hapo, mwalimu. Dunia ya gemu hufundisha pale inapomgomea mtoto. Ina sheria zake, haimjali mwalimu wala kitabu, na mtoto akiwa amekosea, ukuta haufungi, maji hayafiki, tofali linapungua. Hahitaji kalamu nyekundu kumwambia. Kwa hiyo unapopanga somo, anza na mada yako ya Hisabati au Sayansi, kisha jiulize: ni wapi ndani ya gemu jambo hili litamgomea? Ukipata mahali hapo, una somo. Usipopata, chukua chaki ufundishe kama kawaida, hakuna aibu.

Ndiyo maana sizipendi sana zile gemu za maswali, ambazo mtoto akijibu 7 mara 8 mlango unafunguka na nyota zinalia. Kwa kukariri jedwali la kuzidisha si mbaya. Lakini mlango ule hauna habari na 56. Ungefunguka vilevile kwa kuuliza mji mkuu wa Zambia.

Wengi hutetea gemu kwa kusema zinawapa watoto hamu ya kusoma. Mwaka 2013 Pieter Wouters na wenzake wa Uholanzi walikusanya tafiti nyingi zilizolinganisha gemu za kufundishia na ufundishaji wa kawaida. Waliotumia gemu walijifunza zaidi, si kwa tofauti kubwa sana, na walikumbuka zaidi. Hiyo hamu inayotajwa kila mahali ndiyo haikuthibitika: haikuzidi ya wenzao kwa kiasi cha kutegemea. Na faida iliongezeka pale gemu ilipoambatana na mafundisho mengine, ilipotumika kwa vipindi kadhaa badala ya kimoja, na watoto walipocheza kwa makundi. Soma tena hayo matatu ya mwisho. Shule yenye kompyuta nane na watoto 60 haina njia nyingine ila makundi, kwa hiyo umaskini wako umekuweka upande unaofaa.

Tena hili si jambo la jana. Mwaka 1971 huko Minnesota, Marekani, kijana aitwaye Don Rawitsch, akiwa kwenye mazoezi ya ualimu, alitunga na wenzake wawili gemu ya Historia kuhusu safari za walowezi wa karne ya 19 kwenda magharibi, The Oregon Trail. Mashine waliyotumia haikuwa hata na kioo. Ilikuwa kama taipureta, imeunganishwa kwa njia ya simu na kompyuta iliyokuwa mbali, inachapa kwenye karatasi: umebakiwa na chakula kiasi hiki, utawinda au utaendelea? Wanafunzi wanaizunguka, wanajadiliana, mmoja anabonyeza. Anayekwambia bila maabara ya kisasa huwezi, mpe habari hiyo.

Sasa watoto wako 60. Ligawe darasa mara mbili. Thelathini wakae kwenye kompyuta, wanne wanne, mashine mbili zitapata watatu. Thelathini wengine wawe nje na futi kamba na madaftari, wanapima jengo la shule, choo, shamba la mahindi, chochote kitakachojengwa kipindi kijacho. Kisha wabadilishane. Wa nje hawapotezi muda. Vipimo walivyoleta ndivyo vitakavyojengwa, na wakipima ovyo, jengo litawaumbua.

Kwenye kila kompyuta kuna kazi nne: mshika mausi, msemaji, mhesabu na mwandishi. Mshika mausi haruhusiwi kufanya lolote ambalo msemaji hajasema, na msemaji haruhusiwi kugusa mashine wala kuelekeza kwa kidole. Anasema kwa maneno na namba. "Weka hapo, hapana, hapo pale" haikubaliwi. "Nenda mashariki hatua nne, weka matofali matatu kwenda juu" inakubaliwa. Utashangaa jinsi Kiswahili chao kitakavyonyooka. Kila dakika tano kazi zinazunguka, na saa uishike wewe, la sivyo hazitazunguka. Hili nalisisitiza kwa sababu ya wale wavulana wa kibandani. Wanajua kushika mausi, wataing'ang'ania, na wasichana wataishia kutazama migongo yao. Mimi nina sheria moja ya ziada: anayejua zaidi ndiye msemaji wa kwanza. Maarifa yake yapitie mdomoni.

Jambo dogo litakalokutatiza: ndani ya gemu hizi mahali huonyeshwa kwa namba tatu, x, y na z. Herufi y ndiyo kimo, wakati daftarini watoto hujifunza kwamba y ni ule mstari unaopanda kwenye karatasi iliyolala mezani. Waambie mapema. Ukichelewa watachimba shimo wakidhani wanatembea kaskazini, na utacheka peke yako.

Kwenye Sayansi, uongo wa gemu ni mtaji mkubwa. Kata shina la mti katikati, sehemu ya juu inabaki ikielea hewani. Toa tofali chini ya jiwe, jiwe halianguki. Toa chini ya mchanga, mchanga unaanguka. Wape kazi ya kuorodhesha sheria za asili zinazovunjwa, na kila mmoja aandike ingekuwaje huko Mufindi. Kuna moja naipenda kuliko zote. Katika Minecraft mchezaji hubeba matofali 64 ya dhahabu kwenye nafasi moja tu ya mkoba wake, anakimbia nayo na kuruka. Tofali ni mita moja ya ujazo, na mita moja ya ujazo ya dhahabu ina uzito wa kilo 19,300 hivi. Zidisha kwa 64: kilo 1,235,200, yaani tani 1,235 na ushee. Lori moja tuseme linabeba tani 30. Ni malori 41 yaliyojaa, na la 42 lina tani 5. Wachoree malori 42 yakipanda mlima Kitonga kwa foleni, na yule bwana mdogo mbele yao anaruka juu ya majani na mzigo wote mfukoni. Hakuna mtoto aliyewahi kunisahaulia kuzidisha kwa makumi elfu baada ya hapo.

Ya pili ni jaribio halisi. Lima udongo kwa jembe la gemu, weka tofali moja la maji katikati, na baada ya muda mfupi udongo ulio karibu unabadilika rangi kwa unyevu, ulio mbali unabaki mkavu. Uliza: maji yanafika mbali kiasi gani? Usiwaambie. Watalima mstari mrefu, watasubiri, watahesabu. Katika Minecraft unyevu hufika matofali manne. Katika ile gemu ya bure nitakayokutajia hufika matatu. Sasa uliza la pili: chanzo kimoja cha maji kinaweza kuhudumia shamba la matofali mangapi? Kwa matatu kila upande ni mraba wa 7 kwa 7, toa moja lenye maji, yanabaki 48. Kwa manne ni 9 kwa 9, toa moja, 80. Hapo mtoto ametabiri, amejaribu, amebadilisha kitu kimoja kwa wakati, na ameishia kwenye eneo la mraba bila wewe kutangaza kwamba sasa tunaingia Hisabati. Ukitaka kusogea zaidi, waulize kwa nini wakulima wa mpunga wa Mbarali wanachimba mifereji mirefu badala ya kuchimba visima katikati ya kila jaruba.

Uwiano nao uko tayari mezani. Siku nzima ya gemu, mchana na usiku, ni dakika 20. Siku yetu ina dakika 1,440. Gawanya: muda wa mle ndani unakwenda mara 72. Kipindi chako cha dakika 40 ni siku mbili kamili za mle. Mtoto atakayesema "mwalimu kumeshakucha tena" mpe swali.

Jiografia sitaisema kwa urefu, ila kontua nisiache. Mtoto anakariri kwamba kontua ni mstari unaounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, na haelewi hata neno moja. Tafuta karatasi ya ramani ya 1:50,000 ya eneo lenu. Sentimita moja pale ni mita 500 za ardhini. Mkikubaliana kwamba tofali moja liwakilishe mita 20, basi sentimita moja ni matofali 25, na kilima cha mita 400 kutoka bondeni ni matofali 20 kwenda juu. Sasa kila kontua ni tabaka moja. Kata tabaka la kwanza kwa umbo la mstari wa chini, weka la pili juu yake kwa umbo la mstari unaofuata, endelea. Mahali mistari imebanana, mwanasesere wa gemu anashindwa kupanda. Mahali imeachana, anatembea kama yuko uwanjani. Watoto wa huku wanaoishi kwenye miteremko ya chai wanaelewa hilo kwa miguu yao kabla ya kichwa. Na si kazi ya watoto tu: mwaka 2014 serikali ya Denmark iliitoa nchi nzima ndani ya Minecraft kwa vipimo vyake halisi ili shule ziitumie. Karibu na kwetu, UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi, lilianza mwaka 2012 kuwaweka wakazi wa mitaa kwenye gemu hiyohiyo ili wachore wenyewe viwanja wanavyotaka vijengwe, na Kibera ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza.

Habari ya Denmark ina kituko. Waliizima baruti ili watu wasibomoe, wakasahau kile kigari cha reli chenye baruti. Wakorofi wakakitumia, sehemu za nchi zikalipuliwa. Nilipoisoma nilijisikia nafuu, maana mimi mwenyewe nilishapata pigo kama hilo kwa watoto wa miaka 12. Kipindi cha tatu, kijana mmoja aligundua ndoo ya lava, ule uji wa moto wa volkeno. Kufumba na kufumbua kazi ya makundi matatu ilikuwa imefunikwa, wasichana wawili wanalia, na mimi sikuwa na nakala. Tangu siku hiyo, kila baada ya kipindi nakili folda ya dunia kwenye flashi, na usiwape ruhusa ya moto na lava mpaka uwazoee.

Historia inataka tahadhari zaidi. Watoto wa mkoa wenu watakwambia wenyewe: tujenge ngome ya Mkwawa. Vizuri sana. Kalenga, ngome hiyo ilipokuwa, haiko mbali na Iringa mjini, makumbusho yapo, na fuvu lake lililorudishwa mwaka 1954 linatunzwa pale. Lakini nimeona darasa likijenga Lipuli, ndiyo ngome hiyo ya chifu wa Wahehe, kwa wiki tatu, minara, bendera, mizinga, kila kitu kinameremeta, na ukiwauliza ngome iliangushwa lini wanatazamana. Walikuwa wamejenga katuni. Tangu hapo naweka sharti: kila kinachojengwa kwa ushahidi, yaani kimeandikwa mahali, au kimeonekana makumbusho, au kimesimuliwa na mzee aliyetajwa kwa jina daftarini, kijengwe kwa tofali la jiwe. Kila tunachokisia kijengwe kwa tofali la rangi nyekundu. Mwisho wa wiki ngome ilikuwa nyekundu karibu yote. Mtoto mmoja alikasirika, akasema mbona tunajua kidogo hivi. Wakaanza kuuliza mababu nyumbani, na jiwe likaanza kuongezeka.

Halafu waulize mchezaji amesimama wapi. Kwenye ile gemu ya Marekani ya 1971 unacheza kama mlowezi, hivyo nchi nzima inaonekana kama njia yako, na wenyeji wa asili ni watu wa pembeni. Gemu huja na macho yake. Oktoba 1894, mbele ya Kalenga, kuna aliyeuona ukuta kutoka nje akiwa na von Schele, gavana wa Wajerumani, na mizinga, na kuna aliyeuona kutoka ndani na mtoto mgongoni. Waambie waandike aya moja kwa kila upande. Hilo la kuandika ndilo somo. Ukuta umewafikisha tu.

Sasa madaftari, kama nilivyokuahidi. Dakika 15 za mwisho za kila kipindi mashine zinazimwa, au angalau vioo vinageuzwa. Unatoa swali lilelile katika sura ya mtihani, bila gemu kutajwa: "Bustani ya mstatili ina urefu wa mita 12 na upana wa mita 9. Imezungukwa na njia ya upana wa mita 1 kwa nje. Tafuta eneo la njia." Waliojenga ukuta wa 32 watachora, watakumbuka pembe, watapata 46. Ukiliruka hili, mwalimu mkuu ana haki ya kucheka. Wale wa Lipuli ya kwanza niliokusimulia walifanya mtihani wa ujirani mwema mwezi uliofuata na alama zao hazikusogea hata kidogo. Kosa lilikuwa langu. Sikuwahi kuwarudisha kwenye karatasi.

Vifaa. Minecraft yenyewe ina toleo la shule lililotolewa na Microsoft mwaka 2016, na ni zuri kwelikweli, lina masomo yaliyokwisha kupangwa. Lakini linadai akaunti za shule na malipo ya kila mwaka kwa kila mtumiaji, na kompyuta zako zilizotumika huenda zikalikataa. Kwa hali yako nakushauri Luanti, ambayo hadi Oktoba 2024 ikiitwa Minetest. Ni ya bure kabisa, huhitaji akaunti, inakwenda kwenye mashine dhaifu, na inafanya kazi bila intaneti. Angalia jambo moja linalowakwamisha wengi: ukiipakua unapata injini tupu. Lazima upakue na gemu ya kuingia ndani yake. Anza na ile iitwayo Minetest Game. Fanya hivyo mara moja kwa bando la simu yako, kisha nakili folda nzima kwa flashi kwenye mashine zote nane.

Kuziunganisha, tafuta ruta yoyote ya zamani, hata isiyo na laini ya intaneti, na nyaya au Wi-Fi. Kompyuta moja, iliyo na nguvu kuliko wenzake, ndiyo mwenyeji: unapoanzisha dunia unaweka tiki kwenye kuwa seva, unaweka tiki kwenye hali ya ubunifu ili matofali yasiishe, na unaondoa ile ya kuumia ili asife mtu. Windows ikikuuliza kama programu iruhusiwe kwenye mtandao, kubali. Nyingine zinajiunga kwa kuandika anwani ya hiyo mashine. Kitufe cha F5 huonyesha zile namba za mahali. Kwa waliojiunga kutoka mashine nyingine mwenye seva huwapa ruhusa kwanza. Jaribu yote haya jioni ukiwa peke yako na chai, kamwe usijaribu mbele ya watoto 60.

Umeme ukikatika katikati ya somo, mtapoteza sekunde chache tu za kazi, kwani dunia hujihifadhi yenyewe kila mara. Kama mwenyeji ni laptopu yenye betri nzima, hata hizo hazipotei.

Umeuliza kuhusu darasa lako tu, ila huenda mwalimu wa darasa la kwanza akakuonea wivu. Kwa wadogo wanaoanza kusoma na kuhesabu, dunia hizi za matofali bado ni mapema. Mfahamishe kuhusu Kitkit School na ile ya shirika la onebillion, programu mbili zilizogawana ushindi wa Global Learning XPRIZE, shindano la kimataifa la programu za kufundishia watoto, mwaka 2019. Zilijaribiwa hapahapa nchini, mkoani Tanga, kwa vishikwambi katika vijiji 170, watoto karibu 2,700, miezi 15, na zinafundisha kwa Kiswahili.

Pa kuanzia basi. Wiki ya kwanza usiwashe kompyuta. Toa darasa zima nje na futi kamba, wapime chumba chenu cha darasa ndani na nje, waandike tofauti. Wiki ya pili washa mashine, uwape chumba cha mita 8 kwa 6 na swali la matofali. Usiandike 28 kwenye andalio kama mimi. Na siku hiyo mwombe mwalimu mkuu apite dakika chache kabla ya kipindi. Mpe chaki, mwulize ukuta huo unakula matofali mangapi, na umwache aandike jibu lake ubaoni kabla watoto hawajaingia.